Mbuzi Aliyepewa Miaka Yangu Minne

Jumatatu, 1 Septemba

Siku ya kwanza. Kisiwa kimeletwa kwa malori matatu: mchanga, miamba ya plastiki, miti ya plastiki yenye lebo za bei bado shinani. Vyote vimemwagwa katikati ya ghala lililokuwa la simenti. Ukipiga chafya, vumbi la simenti linashuka kutoka darini na kazi inasimama dakika kumi.

Filamu inahusu mwigizaji maarufu aliyenunua kisiwa akaapa kuishi kwa jua na mvua tu, bila tone la dizeli. Nje ya ghala kuna jenereta ya dizeli kubwa kuliko chumba changu. Inanguruma hivi kwamba karibu na mlango tunaongea kwa mikono. Nimeangalia kama kuna mwingine anayecheka. Hakuna. Nimecheka peke yangu, kimoyomoyo.

Mwigizaji huyo ni mdogo wangu, tumbo moja. Anajiigiza mwenyewe. Ana miaka hamsini na mbili. Kwenye filamu ana thelathini na tisa. Ndevu zimepakwa rangi, tumbo limefungwa mkanda. Hapa wote wanamwita Staa, basi nami nitamwita hivyo humu, nisije nikaandika jina jingine.

Mimi wananiita Mama Mwendelezo. Kazi ileile niliyoianza ujanani: kukaa kando ya kamera na karatasi, penseli na saa, kuona kwamba kikombe kilichokuwa mkono wa kushoto kabla ya chakula cha mchana bado kiko kushoto baada ya chakula. Na mwigizaji akisahau neno, mimi ndiye wa kumtupia. Staa husahau sana. Leo mara kumi na moja.

Jumanne, 2 Septemba

Nimesoma muswada wote hadi chai ikapoa. Nilikuwa najitafuta. Ukurasa wa kwanza mpaka wa tisini na nne — simo!

Nisijidanganye, nilitegemea hivyo. Kutegemea hakupunguzi kuumia.

Niuandike ukweli walau mara moja, kwa kuwa daftari hili halisomwi na mtu. Staa alikaa kisiwani siku kumi na tisa. Ya ishirini akapata tangazo la sabuni, akaniomba nimshikie kisiwa wiki mbili. Wiki mbili zikawa miaka minne. Niliacha kazi. Kila alfajiri nilifuta kinyesi cha ndege kwenye paneli za sola, maana zikichafuka taa haziwaki. Choo cha mboji nilikichimba mara tatu. Mara mbili za kwanza afadhali zisizungumzwe. Na tangi la mvua, lile la mawe chini ya ukingo wa paa, nililijenga kwa mikono hii, mimi na fundi mmoja mwenye mgongo mbovu. Leo wageni wanapiga picha kando yake.

Kwenye muswada tangi limetokana na mbuzi. Mbuzi analamba matone yanayodondoka kutoka kwenye paa. Staa anamtazama. Anapata wazo. Muziki.

Nikarudi nyuma kuhakikisha. Kila mahali nilipokuwa mimi, pana mbuzi. Nani kamwamsha Staa dhoruba ilipokuja? Mbuzi. Nani kabaki wageni wa kwanza walipokimbia mbu? Mbuzi. Hata paneli, Mungu wangu, anazifuta mbuzi, kwa ulimi.

Alhamisi, 4 Septemba

Mbuzi amefika. Jike, kahawia, ndevu kama za hakimu. Wamembatiza Bi Ndevu. Ana mwavuli wake na mtu wa kumchana. Mwenye mbuzi kanitahadharisha kwamba hali kitu kilichonyauka. Mimi leo nimekula mkate mkavu nimesimama.

Nilikuja nimejiandaa kumchukia. Nimeshindwa. Mnyama mpole, na kazi anaijua. Tukio moja tulilirudia mara tano, na mara zote tano aligeuza kichwa palepale, sekunde ileile. Staa hajawahi kushika kikombe kwa mkono mmoja mara mbili. Waigizaji wote wangekuwa mbuzi, mimi ningekuwa likizo.

Mchana Staa kaja kukaa nami, na chupa ya maji mkononi. Ya plastiki, ya sita leo. Naziona tu kwa mazoea ya kazi. Akauliza kama muswada nimeupenda. Nikasema mbuzi kaandikwa vizuri.

Akajitia hamnazo. "Dada, ni kichekesho tu. Watu wanapenda wanyama."

Nikasema kweli, wanyama hawana maneno. Mara akakumbuka kwamba ndevu zinahitaji rangi, akaondoka mbiombio.

Jumapili, 7 Septemba

Mapumziko. Nimekwenda kwa Mama. Chumba kimejaa Staa: Staa ukutani, Staa kwenye kalenda ya mwaka juzi, Staa kwenye mfuniko wa bati la biskuti. Picha yangu nayo ipo. Nyuma ya redio.

Alikuwepo jirani mpya. Mama akanitambulisha kama kawaida yake: huyu ndiye yule binti yangu aliyeachwa na mume akapoteza mwelekeo, mdogo wake akamchukua kisiwani, akamlisha miaka minne mpaka akapona. Jirani akanitazama kwa huruma. Akanisogezea biskuti.

Hadithi hiyo Mama alipewa na Staa, zamani hizo, kwa simu, alipomuuliza mbona dada yako haonekani. Ilimwia vigumu kusema: yuko kule, anafanya kazi ninayojisifia mimi kwenye televisheni. Uongo ulikuwa mdogo, wa siku moja. Mama akaupenda, akaulea, ukakua. Mimi nilimwambia ukweli mara moja tu. Akasema wivu haufai kwa watu walionyonya ziwa moja. Sikurudia.

Jina langu kwenye bango silitaki. Naapa. Ninachotaka ni Mama asikie mara moja, kutoka kinywani mwa Staa na si mwangu, kwamba sikulishwa. Nina miaka hamsini na saba na nalitaka hilo kama mtoto anavyotaka peremende. Ni aibu, lakini ndivyo ilivyo.

Wakati naaga, Mama kanipa habari: Alhamisi anakuja kutazama filamu ikipigwa. Staa anamtumia gari.

Jumatatu, 8 Septemba

Kasheshe. Bi Ndevu ana mimba! Mwenye mbuzi anasema alijua, ila hakuulizwa.

Filamu hatuipigi kwa mpangilio wa hadithi. Kwa hiyo mbuzi kwenye dhoruba ni mnene, dhoruba ikiisha ni mwembamba, na asubuhi yake mnene tena. Mwongozaji kanijia juu, mbele ya watu: kazi yako ni nini hapa kama huoni tumbo? Nikampa karatasi ya Ijumaa. Nimeandika wazi: "Mbuzi — tumbo limeongezeka vidole viwili. Uliza." Chini yake sahihi yake mwenyewe, aliyoitia bila kusoma. Kumwandikia mwongozaji ni kumpigia mbuzi gitaa, na afadhali huyu mbuzi wetu, husikiliza.

Uamuzi: kuanzia leo Bi Ndevu anapigwa shingo kwenda juu, kama msoma habari.

Jumanne, 9 Septemba

Kaja mwandishi wa gazeti. Staa kamweleza, mbele ya rundo la chupa tupu, kwamba kisiwani hawakutupa kitu. Mwandishi akamvisha kilemba cha ukoka, kwamba watu kama yeye ni wachache. Staa akainamisha kichwa kukipokea. Kisha akaulizwa mboji inachukua miezi mingapi kuiva.

Akanitafuta kwa macho, mimi niliyekuwa nyuma ya kamera. Jicho lile la neno lililompotea, nalijua tangu akiwa na miaka saba anakariri shairi la shule. Nikainua vidole sita. "Miezi sita," akajibu, kwa kujiamini, kama ndiye aliyeigeuza kwa koleo.

Kwa nini nimemwinulia? Mazoea. Nimejiuliza njia nzima ya kurudi nyumbani.

Jumatano, 10 Septemba

Leo nimezungumza na aliyeandika muswada, mama mmoja mwenye miwani mbili, moja machoni na moja kichwani ambayo huitafuta siku nzima. Tulikaa kwenye mwamba wa plastiki. Nikamuuliza, kwa utani tu, wazo la mbuzi alilipata wapi.

Akaangalia kwanza kama Staa yuko karibu. Kumbe muswada wa kwanza ulikuwa na dada. Kurasa arobaini za dada! Staa mwenyewe ndiye aliyemsimulia, siku mbili mfululizo: ndege, choo, fundi mwenye mgongo mbovu, vyote. Mahali pengine alilia, anasema. Wiki moja baadaye akapiga simu: dada atoke, kwa sababu Mama ataiona filamu. Muda ulikuwa umebana.

"Maneno sikuyagusa," kaniambia. "Nilifuta dada, nikaandika mbuzi."

Nikaenda kusoma tena tukio la themanini na saba, ambalo ni la kesho. Staa anapiga magoti mbele ya mbuzi, kando ya tangi, anasema: "Wote tulikimbia, na mimi wa kwanza. Wewe ulibaki. Asante." Kwa wiki nzima nimelisoma kama kichekesho. Leo sikuweza kucheka. Nilisikia joto kifuani, nikadhani ni furaha. Kabla sijafika mlangoni ikawa hasira, kubwa kuliko ile ya kwanza. Kumbe anakumbuka! Mimi nilikwisha kumsamehe kwa kudhani amesahau.

Alhamisi, 11 Septemba

Saa tatu. Naandika kwenye karatasi za kazi, nitabandika humu baadaye. Mama kafika. Kakalishwa kwenye kiti cha mwongozaji, mkoba mapajani. Kauliza mbona kisiwa kidogo hivi.

Tangi wamelitengeneza kwa maboksi na plasta, linapendeza. Mfereji wa paa wameuinamisha upande usio wake. Maji yangelazimika kupanda mlima. Nikawaambia mafundi waugeuze, na wapachike kichujio pale kwenye kona, la sivyo majani yanaziba. Mama akasikia.

"Wewe umeyajulia wapi hayo?"

Nikasema nimewahi kuona. Akaendelea kunitazama muda mrefu kuliko nilivyozoea.

Saa tano. Bi Ndevu kalala chini, hainuki. Mwenye mbuzi kampapasa, anasema ni leo, na mbuzi huyu haendi popote. Kaitwa daktari wa mifugo. Mwongozaji kashika kichwa, kisha kapata ufumbuzi: leo tupige uso wa Staa tu, mbuzi atapigwa peke yake wiki ijayo akishazaa. Staa anachohitaji ni mtu wa kumtazama, akae chini, kimo cha mbuzi. Akazungusha macho ghala zima. Mfupi kuliko wote ni mimi.

"Mama Mwendelezo, hebu tusaidie. Kaa hapo kwenye alama ya mbuzi."

Alama ni msalaba wa utepe mwekundu juu ya mchanga. Nimekaa. Karatasi ziko mapajani na naendelea kuandika.

Saa sita kasorobo. Mara ya kwanza: "Wote tuli—" kikohozi. Mara ya pili, vumbi jichoni, kweli lilikuwepo. Mara ya tatu akasema "Wote walikimbia," akaruka moja kwa moja kwenye "wewe." Ikabidi nimsahihishe, si ndiyo kazi yangu. "Tulikimbia," nikasema. "Na mimi wa kwanza." Kwa sauti ya kawaida, ile ya kikombe kiko kushoto. Nikasikia kiti cha mwongozaji kikilia. Mama kajisogeza mbele.

Mara ya nne alifika mpaka "wewe ulibaki." Hapo akakwama. Jasho linashuka na rangi ya ndevu. Nimeandika: shavu la kulia, weusi, mstari mmoja. Mwongozaji kanong'ona kamera isizimwe, amalizie akiwa tayari. Amebakiza neno moja.

Mama kainuka. Hakuna aliyethubutu kumzuia mama wa Staa. Kavua viatu, kasimama ukingoni mwa mchanga ameviweka kwapani. Anamwangalia Staa, ananiangalia mimi, anauangalia mfereji. Kauliza taratibu, kama alivyokuwa akiuliza nani kala sukari:

"Mwanangu. Maneno haya ni ya mbuzi kweli?"

Staa kanigeukia mimi. Jicho lilelile. Anataka nimtupie neno, na ninalo, nimelizungushia penseli nyekundu tangu jana. Kamera inakwenda. Mama anamngoja yeye, yeye ananingoja mimi.

Nimefunga muswada. Nimeukalia. Hili alitoe mwenyewe, Mama asikie.

Saa sita na dakika nne. Mwendelezo: Staa, magoti yote mawili chini. Mkono wa kushoto juu ya tangi, plasta inabonyea. Mdomo umefunguka, sauti bado haija—