Mama Hataki Tiba ya Upanga

Mtaa wa Msimbazi,
Kariakoo,
Dar es Salaam.
9 Juni 2025

Mpendwa Mjomba Beno,

Shikamoo. Hamjambo huko Songea, na baridi ya mwezi huu inawatendeaje? Goti lako limepona? Sisi tunaendelea vizuri, isipokuwa Mama. Naandika kwa sababu jambo lenyewe siwezi kulitamka kwenye simu nikiongea na mkubwa wangu.

Tangu Mama apewe antibiotiki kali baada ya upasuaji, anaharisha. Akipewa dawa nyingine anapata nafuu, ikiisha hali inarudi. Amekonda sana, na duka la vitenge amelifunga.

Daktari wa kliniki moja Upanga anasema dawa zile ziliua hata vijidudu vyema vya tumboni. Tiba yake ni kuchukua kinyesi cha mtu mwenye afya, kikapimwa na kuchujwa, kisha Mama akaingiziwa kwa mpira kupitia njia ya haja kubwa. Samahani, Mjomba, ndivyo alivyosema, tena bila kucheka.

Mwalimu wangu wa baiolojia anasema tiba hiyo ipo. Hata hivyo bado nina shaka na yule daktari. Nilimuuliza kinyesi ni cha nani, akajibu kwamba jina la mtoaji ni siri. Kwa nini iwe siri? Mama alinyanyuka akatoka. Kwetu hata kucha hatuziachi ovyo, sembuse hicho.

Basi daktari akaturuhusu tulete mtoaji wetu. Baba alijitolea, lakini aliona aibu kupeleka kitu kichafu kwa daktari, akameza antibiotiki kwanza ili asafishe tumbo. Akakataliwa. Vile vijidudu vilivyotakiwa alikuwa ameviua mwenyewe.

Juzi Samson, jirani yetu Msukuma, alikuja kumjulia hali. Akasema, "Mtani, chukua yangu. Siku zote nilijua Mngoni ataishia hapo."

"Yako? Si nitaamka nalia kama ng'ombe," Mama akamjibu, akacheka. Samson alipoondoka, Mama akasema polepole, "Labda ya Beno. Tumekula sahani moja."

Mjomba, naomba uje, na usimeze dawa yoyote ya tumbo. Sikuombi umwamini daktari. Muulize yote niliyoshindwa kuuliza mimi. Ukiona anatudanganya, tutamrudisha Mama nyumbani. Mama hatakuomba mwenyewe, lakini jana alinituma nikanunue shuka jipya la mgeni, na hakusema mgeni ni nani.

Wasalimie Bibi Benedikta, na binamu Sitara na mama yake. Mungu akutangulie njiani.

Mpwa wako akupendaye,
Rachel