Mawe ya Nihal Kwenye Chetezo

Pangani, Jumatatu

Mwanangu Nihal,

Shikamoo yako imenifika, marahaba. Huku mvua imeangusha ukuta wa choo, na paka amezaa juu ya mswala wangu.

Kile kikopo ulichokisahau ulipotukimbia baada ya Idi, siku posa ilipotajwa, kumbe ndimo yalimokuwa mawe yako ya utafiti, uliyoyaotesha maabara! Nani huweka kazi ya miaka miwili kwenye kikopo cha udi? Wazazi wa Asaad walipokuja kukuposa, niliyatia yote kwenye chetezo nikidhani ni udi. Hayakutoa hata uzi wa moshi. Nimeyaokota jivuni. Ulisema yakipoozwa sana hupitisha umeme bila kuupoteza, na ajabu yao ni kwamba upande huu haulingani na ule. Sasa yanalingana, mwanangu: pande zote nyeusi.

Unisamehe. Lakini mama yake Asaad aliufukiza mtandio wake, akafumba macho, akasema, "Mashaallah, udi wa Maskati haujifichi!"

Watu wanaosifia harufu isiyokuwepo, utaishi nao vipi? Nimewajibu bado unasoma. Otesha mawe mengine, wala usiharakishe.

Shangazi yako mkosefu,
Huwaida