Gauni la Kuogelea la Wakesho

Kuze, Mombasa
Desemba 1995

Mama mpendwa,

Shikamoo. Kaa kitako kwanza, mama, maana goti lako sijalisahau, na pia utakuwa umekwisha kumwona Mwadime akiingia uani peke yake, bila mtoto uliyemtuma amchukue. Tafadhali usimgombeze ndugu yangu. Alikuja na ujumbe wako wote na akausema bila kupunguza neno. Mimi ndiye niliyemzuia. Mwache akusomee barua hii polepole, na asiruke mahali anapotajwa yeye.

Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua imekufaa, au umeshampa jirani? Na yule ng'ombe mwekundu amezaa? Huku sisi ni wazima, tunalalamikia joto tu. Joto la kaskazi, mama, unavaa shati kavu chumbani na ukifika mlangoni limekwisha kulowa.

Habari zilizokufikia nimezisikia. Kwamba Wakesho amezama baharini, kwamba mama yake ameenda chuo akamwacha na mwanamume asiyejua hata kukoroga uji, na kwamba sasa unamtaka mjukuu wako aje akae nawe, shule aanzie huko Taita. Haki yako naijua. Kwetu mtoto aliyepewa jina la bibi ni wa bibi, na mimi nilikuwa nishaanza kukunja nguo zake. Lakini nisikilize kwanza.

Mkwe wako yuko kwenye mafunzo ya walimu, yale ya wakati wa likizo, na atarudi shule zikikaribia kufunguliwa. Nami huu ndio msimu wangu wa sare, kila mzazi anataka ya mwanawe na anaitaka leo. Basi Wakesho ndiye mwenzangu dukani. Asubuhi tunakunywa uji (naukoroga mwenyewe, na hauna madonge), kisha tunafungua. Anakaa chini ya meza ya kukatia, penye ubaridi, anaokota pini kwa sumaku. Wateja wote anawajua. Juzi mama mmoja alikuja kuuliza sare ya mwanawe, nikamwambia kesho. Wakesho akachungulia kutoka chini ya meza akamwambia, "Baba akisema kesho, we njoo keshokutwa." Yule mama alicheka mpaka akaketi. Mimi nilijitia kutafuta mkasi.

Adhuhuri mtaa wote hufunga milango ukalala. Unakumbuka kwetu mchana analala mgonjwa tu, nami miaka yote nilikuwa nakataa. Sasa tunalala, mimi na yeye, juu ya mkeka kibarazani kwa nyuma.

Tukiamka, maji yakiwa yamejaa, ndiyo saa ya bahari. Ng'ambo ya kichochoro chetu anakaa Mama Zuhura, yule mkaanga mahamri niliyekuandikia habari zake. Humpeleka bintiye Zuhura kuoga pwani, kule chini upande wa Ngomeni. Wakesho akataka kwenda nao. Nikakubali, lakini nikaona mtoto wa fundi hawezi kuingia majini kama mtoto wa mtu yeyote tu. Nikamshonea gauni la kuogelea. Mama, gauni! Kitambaa cha sare, kile cha buluu kizito, marinda kiunoni, mikono ya puto, mifuko miwili, na pindo nikalikunja mara mbili lisifumuke. Fundi wa duka la pili alikuja akaligeuza ndani nje akitafuta kasoro kwenye mishono, akaondoka bila kuipata.

Sasa mtoto kaingia. Maji yalikuwa ya mapajani tu. Likaja wimbi dogo, marinda yakafunguka, mifuko ikajaa, mikono ikajaa, gauni likawa zito kama gunia la mahindi lililonyeshewa, naye akakaa chini. Hakuzama, mama, alikaa. Maji yalimfika kidevuni na Mama Zuhura alikuwa ubavuni pake, akamtia mkono kwapani akamwinua. Mimi nilikuwa juu ya mwamba nimeshika viatu vyao. Nikaruka na suruali yangu na saa yangu ya mkono, na hiyo saa hadi leo haijaenda tena. Ndipo akawa anapita yule kijana wa kwetu anayefanya kazi reli. Aliona mtu anaruka na mtoto anainuliwa, akaenda zake, akakuletea wewe nusu ya habari.

Nusu ya pili ni hii. Mama Zuhura alilikamua lile gauni kwa mikono miwili, akanitazama, akasema, "Fundi, umemshonea mtoto nanga. Kesho mvishe shimizi tu, baharini hakuna harusi."

Mimi nilidhani hakutakuwa na kesho, kwamba mtoto ameogopa basi. Kesho yake alikuja na viatu vyangu mkononi, akaniambia niharakishe, Zuhura anatungoja. Akafundishwa kulala chali juu ya maji, kisha kupiga miguu. Kila siku akirudi ananionyesha juu ya mkeka jinsi ya kutoa pumzi, na mimi namfuata, wateja wanatutazama.

Ijumaa Mwadime akafika na ujumbe wako. Nilimwambia aje amwone mara moja tu, kisha aseme mwenyewe. Maji yalikuwa yamejaa sawasawa. Wakesho aliingia na shimizi lake, akalala juu ya maji, akajigeuza, akaogelea kutoka kwa Mama Zuhura hadi kwenye mwamba, akapumua, akarudi. Mwadime alikuwa amesimama ukingoni mwa maji, viatu miguuni. Mtoto akatoka akamwambia, "Baba mdogo, vua viatu." Akavua. Mwanamume anayeangusha fahali peke yake aliingia hadi magotini akiwa ameng'ang'ania mkono wa mtoto, na alipoguswa na wimbi aliita jina lako. Asiruke hapo.

Mama, nilijivuna, na sikujificha. Sisi ni watu wa milimani, maji tunayajua ya ndoo na ya mto wa kuvuka kwa mawe. Katika ukoo wetu wote sijasikia aliyewahi kuogelea baharini. Wa kwanza ana jina lako. Mtu mmoja pale pwani aliuliza yule mtoto ni wa nani, na watu wakajibu kabla yangu.

Kwa hiyo simleti. Nasema kwa heshima, lakini nasema. Shule moja ya Tononoka imekubali kumpokea, mama yake atarudi, na mimi nikikaa dukani bila sauti yake chini ya meza sitashona kitu kikakaa sawa. Najua ninachokunyima. Tangu baba afariki nyumba ni kubwa mno kwako, na kuna jioni najua husemi na mtu. Hilo ndilo limenikosesha raha wiki nzima, wala si bahari.

Nisalimie shangazi yetu muuza maziwa, baba mkubwa anayepiga kengele ya kanisa, na dada yangu na watoto wake wote. Jirani wa dawa yako ya goti naye msalimie.

Jana nilimweleza Wakesho kwamba bibi yake anamtaka huko kwa sababu anaogopa atazama. Alifikiri kidogo, akaniuliza kama bibi anajua kuogelea. Nikamwambia hajui. Akasema, "Basi ni yeye atakayezama. Mwambie aje, nitamshika mkono."

Nauli yako nimempa Mwadime.

Mwanao akupendaye,
Mwakio