Bwana Harusi Ameachilia Mkono

Jumatano, Ikonge

Yote kwa sababu ya chai! Mama yake Mogaka asingetuletea chai leo, saa hii ningekuwa nimesharekodi ile harusi ya filamu yangu.

Mogaka ndiye bwana harusi, Kemunto bibi harusi. Tumefanya mazoezi wiki tatu bila shida. Leo kamera iko tayari, hata mvua imetuhurumia, ndipo mama anaingia na chupa ya chai, anamsalimia Kemunto na kumuuliza yeye ni wa nani. Msichana akamtaja baba, akamtaja na babu. Mama akaweka chupa chini.

"Mogaka, huyu ni shangazi yako."

Shangazi! Ana miaka ishirini na miwili!

Mogaka akauachilia mkono wa Kemunto kana kwamba umemchoma. Nikamsihi, nikamwambia ni filamu tu.

"Boss, filamu itaisha. Mimi nitabaki hapa na hawa watu."

Na kamera tuliyokodi inarudi Nairobi Ijumaa. Kesho nitampata wapi bwana harusi asiye ndugu wa Kemunto?

Tena ni mimi niliyekataa waigizaji wa Nairobi. Nilijipiga kifua, eti filamu ya kwetu itaigizwa na watu wa kwetu. Haya, hao ndio watu wa kwetu.

Lakini kinachoniuma zaidi ni swali la Mogaka. "Ungekuwa wewe, boss, ungemshika?"

Nikajifanya napokea simu.

Singemshika.