Nimejisifia Tabo Aliyoifunga Fundi Aneth

Mpendwa mshauri, nisaidie kabla Jumamosi haijafika, maana aibu hii nimejitakia mwenyewe na sina wa kumwambia, hata mke wangu namkwepa. Mimi ni mkulima wa Kolo, nina miaka hamsini na mbili na trekta dogo la silinda tatu, ambalo kila mavuno likibeba mahindi lilikuwa linakata pumzi mlimani, moshi mweusi tii, mpaka tunashusha nusu ya magunia na kurudi kuyafuata, nikaambiwa kuna fundi mtaa wa Kizota anafunga tabo, kile kifaa kinachozungushwa na moshi wa ekzosi ili kiisukumie injini hewa nyingi zaidi, nikalipeleka trekta Dodoma, kufika nikamkuta binti mwenye ovaroli, nikamuuliza, "Mwenye gereji yuko wapi?" Akanijibu, "Shikamoo baba. Ndiye mimi. Naitwa Aneth."

Mshauri, nililala kwa ndugu yangu mtaa wa Nkuhungu siku nne, kila asubuhi naenda kumchunguza, natafuta kosa, sikulipata. Alitoa tabo kwenye gari dogo la dizeli lililopata ajali, akakata bamba la chuma akalichonga kwa tupa mpaka likakaa kwenye ekzosi bila kuvujisha moshi, akavuta bomba la kupeleka oili kwenye tabo na jingine la kuirudisha kwenye injini, kisha akawasha, akagusisha ncha ya bisibisi kwenye injini, mpini sikioni, akafumba macho akasikiliza. Nikamwambia, "Ongeza dizeli, binti, nataka nguvu ya lori." Akazima injini. "Baba, hili si lori. Nikifungua pampu zaidi ya hapa pistoni zitayeyuka, na mimi sitaki kusikia trekta nililolishika limekufa."

Niliporudi Kolo na kupanda mlima na mzigo kamili watu walitoka nje kutazama, na baba mkwe wangu, mzee Athuman, ambaye hajawahi kunisifu tangu nioe, akanishika bega akauliza nani kafanya kazi hii, nami, sijui shetani gani alinipitia, nikasema, "Ni mimi, baba. Mjini nilifuata kifaa tu." Sasa wananiita injinia, na Jumamosi majirani zangu Bartolomayo na Stanley wanaleta matrekta yao niwafungie, nami hata nati ya kwanza siijui. Nisingizie kuumwa?

Uwesu, Kolo

Bwana Uwesu, usithubutu kuumwa. Ukiumwa Jumamosi hii watakuja ijayo, tena na matunda ya kumpa pole mgonjwa.

Kungoja neno moja zuri la mkwe miaka yote hiyo si jambo dogo, na sikucheki. Lakini neno ulilopewa halikuwa lako, ulimnyang'anya binti aliyekuamkia kwa heshima hata ulipomdharau. Na ukijitia ufundi, ukakosea hilo bomba la oili, tabo itasagika na kukwama, Bartolomayo atabaki na chuma shambani, na kijiji kizima kitasema tabo ni balaa. Utakuwa umeiua kazi ya Aneth mara mbili.

Hata hivyo, barua yako imenifurahisha. Ulikwenda kutafuta kosa ukarudi umekariri alivyoshika tupa na alivyofumba macho. Mtu asiyeheshimu kazi haioni hivyo. Mimi sijawahi kugusa injini, lakini kupitia macho yako nimemwona binti huyo na nimemvulia kofia, hasa pale alipozima injini na kukukatalia. Mafundi wangapi wangemkatalia mteja?

Basi fanya hivi. Leo, si kesho, nenda kwa mzee Athuman kwa miguu yako, umwambie ukweli mkiwa wawili. Ukitoka hapo mweleze mke wako, kisha uwaendee Bartolomayo na Stanley. Halafu mpigie Aneth, umwombe radhi, umuulize kama atawapokea. Siku na mahali apange yeye. Akikubali, nenda nao, umwombe akufundishe kulitunza trekta lako. Utashika kitambaa na kufuta oili, na huo ni mwanzo mzuri.

Mzee anaweza kukasirika, anaweza kununa mwezi mzima. Vumilia. Siku atakapokusifu tena, pokea kwa mikono miwili, maana sifa hiyo itakuwa yako.