Bosi na mlango alioutaka mwenyewe

Mwenzangu, uko? Nimetoka kikaoni sasa hivi. Nina hasira, lakini nacheka pia.

Unayakumbuka yale madaftari ya mtandaoni, zile kurasa za kukokotolea, niliyoyasimika kwenye seva zetu, kompyuta kuu za ofisi, ili watafiti wote wafanyie hesabu zao humo? Jana bosi akataka niyafungue kwa intaneti nzima, bila pasiwedi, eti wageni wake wasisumbuke. Nikakataa. Akaniandikia, "Fungua, hiyo ni amri." Haya, nikafungua.

Leo anawaonyesha wageni daftari moja kwenye skrini ya ukutani, maneno yakaanza kujiandika yenyewe. Yenyewe! "Habari zenu. Mbona mmeacha wazi?" Mtu wa huko nje, hata hatumjui.

Bosi akanigeukia mbele ya watu wote: "Nani kaacha hapa wazi?"

Nani. Mimi ndiye wa kuulizwa nani.

Nikasimama. "Ni wewe, bosi. Ujumbe wako ninao, niwasomee wageni?"

Nikafunga palepale, nikaweka pasiwedi.

Sasa ananipigia, kazi imemkwama, hawezi kuingia. Nimemwambia pasiwedi nitampa, ila aje kuiomba mbele ya wageni walewale.