Hotpoti Iliyorudi Tupu

Geita,
11 Machi 1996

Mama Violeth,

Nakusalimu, nawe unisalimie mama na watoto hapo Tinde. Huku mvua imekata barabara ya machimboni, kwa hiyo mafuta ya taa ya tajiri wetu Bwana Pranlal yamechelewa kufika. Kazi yenyewe unaijua: asubuhi unaambiwa Masumbwe, ukifika unaambiwa uendelee hadi Geita.

Tangu daktari atuambie nina kisukari, kila safari ulinifungashia ugali wa dona na nsansa za karanga, nami nikakurudishia hotpoti tupu, imeoshwa. Ulikuwa unafurahi. Mama Violeth, aliyekuwa anakula ni Mayala, dereva mwenzangu. Mimi niliona haya kufungua nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa, mbele ya wachimbaji wanaoagiza kuku wa kukaanga na soda. Nikawa naagiza kama wao.

Kile kidonda cha kidole cha mguu nilichokwambia kimepona, hakikupona. Jumanne iliyopita, hapa hospitali, wamenikata mguu wa kulia, chini ya goti. Usilie mbele ya watoto.

Barua hii anakuletea Mayala mwenyewe, maana gari sasa analo yeye. Usimgombeze. Hakuniibia, nilikuwa nampa, na kila mara alikuwa ananiuliza, "Kaka, wewe utakula nini?"

Ijumaa anarudi huku. Umfungashie hotpoti mbili, yake na yangu. Nimemwomba akae hapa kitandani mpaka nimalize, ndipo akurudishie.

Mumeo,
Pantaleo